Msitu Uliotangulia Mji

Baba yangu alifanya kazi ya bustani miaka 33, na katika miaka hiyo yote hakuinua fyekeo kabla ya kupiga goti. Nilimwona mara nyingi nikiwa mtoto, Jumamosi asubuhi, ndani ya City Park, Nairobi. Akifika chini ya miti mikubwa aliweka fyekeo kando, akapiga goti moja kwenye majani makavu, akapitisha kiganja juu ya magugu taratibu, kama mzazi anayepima homa kwenye paji la mtoto. Aligeuza jani moja, la pili, la tatu. Akikuta jani ambalo upande wake wa chini ni mweupe kana kwamba limepakwa unga, alivunja kijiti akakichomeka kando yake.

"Huyu ni muhugu, mwaitu," aliniambia. "Ukimfyeka leo, hutamwona tena."

Mwaitu kwa Kikamba ni mama yangu. Nilipewa jina la mama yake Baba, na hadi siku alipofariki hakuniita vingine. Nimekuwa mwalimu wa biolojia karibu maisha yangu yote, lakini somo langu la kwanza nililipata pale, kwa mtu ambaye shule yake iliishia darasa la nne.

Watu wengi wa Nairobi wanaamini City Park ilipandwa. Wanaona nyasi zilizokatwa, njia za mawe, jukwaa la bendi, maua langoni, wanasema Wazungu walitutengenezea bustani. Walichotengeneza ni ukingo tu. Ile miti mikubwa ya ndani haikupandwa na mtu. Ilikuwepo kabla ya mji, na mji ndio uliokuja ukauzunguka msitu.

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Mei 1899, kwenye tambarare ya tope ambako Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe. Kutoka kwenye tambarare ile, ukielekea kaskazini na magharibi, ardhi inaanza kuinuka, na hapo ndipo msitu ulipoanzia. Ulikuwa msitu wa nyanda za juu zenye mvua ya kiasi: muhugu, mukinduri, mutamaiyu, na murarachi unaochanua waridi hadi kilele chote kinaonekana kama wingu la jioni. Vipande vya msitu huo bado vipo Karura na Ngong Road, na kimoja ni City Park.

Garimoshi lilikula kuni. Miti ya asili ilikatwa haraka kuliko ilivyoweza kuota, na kufikia 1907 wakoloni wakaanzisha Arboretum, kule karibu na ilipo Ikulu leo, ili kujaribu miti ya kigeni waone ipi inakua upesi ilishe injini. Kwa hiyo hesabu ya mti ilibadilika mapema sana katika mji huu. Mti mzuri ukawa ule unaokimbia. Muhugu haukimbii.

Katika hesabu hiyo ni ajabu kwamba kipande kile cha kando ya Limuru Road kilibaki kimesimama. Mwaka 1925 kilifunguliwa kuwa bustani ya umma. Sehemu zilizokuwa wazi zikawekwa nyasi, jukwaa la bendi, madimbwi ya mayungiyungi na ua wa vichochoro ambamo watoto walipotea kwa furaha. Kwingine msitu uliachwa. Hadi leo bustani ina takriban hekta 60, katikati ya mji ambao kila futi ya ardhi yake ina bei.

Lakini umma wa 1925 haukuwa sisi sote. Mwanamume Mwafrika alitembea mjini na kipande, kitambulisho cha lazima, shingoni. Baba alisema wazee aliowakuta kazini walimsimulia kwamba zamani mtu mweusi aliyeingia pale siku ya kazi aliingia na jembe, na siku ya mapumziko hakuingia.

Yeye mwenyewe aliingia 1954, na jinsi alivyoingia ilimkaa rohoni. Aprili mwaka huo, katika Operesheni Anvil, jeshi la Waingereza liliuzingira mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa kambini bila kushtakiwa. Kazi zikabaki bila watu, na vijana wa Ukambani na Nyanza wakaja kuzijaza. Baba alikuwa na miaka 22. Alipewa jembe lenye mpini uliokwisha kulainishwa na mikono ya mtu mwingine. Aliuliza mwenyewe yuko wapi, akaambiwa afanye kazi. Miaka mingi baadaye, akiwa amestaafu, bado alikuwa akiniambia: "Nilikula mshahara wa mtu aliyefungwa. Nilichoweza kumlipa ni kutoharibu alichokuwa akikitunza."

Kuna jambo la pili lililomfunga na msitu ule. Kwao ni upande wa Wamunyu, na Wamunyu ni nyumbani kwa wachonga vinyago. Mutisya Munge, mzaliwa wa huko, alijifunza uchongaji kwa Wazaramo wa Dar es Salaam wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi na ufundi uliolisha vijiji vizima. Na mti uliopendwa kuliko yote ulikuwa muhugu: mgumu, mzito, wenye harufu tamu, unaokubali patasi bila kupasuka. Wajenzi nao waliutaka kwa sakafu, wakulima kwa nguzo za ua, maana mchwa hawauwezi. Twiga na vifaru wa mbao walioondoka na watalii walikuwa muhugu uliokatwa mahali fulani. Leo wachongaji wengi wamehamia kwenye mwembe na mwarobaini, kwa sababu muhugu wenyewe umekuwa nadra.

"Ndugu zangu wanaukata, mimi naulinda," Baba alikuwa akisema. Hakuwalaumu; walikuwa wanasomesha watoto. Lakini alijua kitu ambacho baadaye nilikisoma vitabuni. Muhugu ni wa ukoo mmoja na alizeti, ingawa unasimama kama nguzo ya msikiti. Mti dume ni mbali, mti jike ni mbali. Mbegu ni ndogo, hupeperushwa na upepo, na nyingi huharibiwa na wadudu kabla hazijaota. Baba alijaribu mara kadhaa kuiotesha kitaluni, akapata miche ya kuhesabika kwa vidole. Ndipo alipojifunza kupiga goti. Miche iliyojiotea yenyewe chini ya mti jike ndiyo mali, na hufanana na magugu kwa mtu mwenye haraka.

Hao wenye haraka hawakukosekana. Bustani za Nairobi baada ya 1947 zilikuwa chini ya Peter Greensmith, mtu aliyependa maua, na ni yeye aliyeujaza mji bogenvilia. Baba alipanda bogenvilia hizo kwa mkono wake, na alizipenda. Nikipita barabara kuu zikiwa zimechanua, namwona yeye. Lakini alitofautisha kazi mbili. "Langoni tunapamba," alisema. "Ndani tunalinda." Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu juu ya kufufua bustani kongwe, na sijakutana na mpango uliosema vizuri zaidi ya hapo.

Tuliishi Ziwani, kwenye nyumba za kanjo. Jumapili, baada ya ibada, Mama alifunga viazi vitamu na chupa ya chai kwenye kikapu, tukatembea kupitia Kariokor na Ngara hadi City Park. Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya sitini na ya sabini, na ninapotaka kumweleza kijana uhuru ulifanana na nini, namwelezea nyasi zile. Familia za Kihindi kutoka Parklands zilitandika mashuka, zikatoa bhajia na muhogo wa kukaanga uliotiwa pilipili na ndimu. Watu wa Mathare, wa Eastleigh, wa Pangani walikaa hatua tatu kutoka kwao. Wapiga picha walizunguka na kamera shingoni. Vijana walitoka kwenye mpira wa magongo jirani na jezi zimelowa. Baba, aliyeingia kwa jembe, alikuwa amelala chali kivulini bila viatu.

Na juu yetu walikuwepo kima. Nairobi ina tumbili pia, mwenye uso mweusi na mwili wa kijivu, anayependa mahali palipo wazi. Kima ni wa msitu: mnene zaidi, mwenye kola nyeupe shingoni na mkia mrefu unaoning'inia. Kundi moja huwa na dume mmoja mkubwa na majike wengi, na majike hukaa maisha yao yote katika kundi walimozaliwa. Kwa hiyo ninapowaona leo, najua ninatazama wajukuu wa wajukuu wa wale walioninyang'anya kiazi mwaka 1968. Ukoo wao haujawahi kuhama. Wametuona tukija na kwenda.

Kima hubeba chakula mashavuni. Hula tunda mahali pamoja, hujaza vifuko vya mashavu, huenda kukaa kwenye tawi lingine salama, hutafuna taratibu na kutema kokwa chini. Ndege naye, shorobo mwenye mbawa nyekundu zinazowaka anaporuka, humeza tunda zima na kuidondosha mbegu mbali. Mugumo hutegemea safari hizo: mbegu yake hudondoka kwenye panda ya mti mwingine, ikaota huko juu, ikateremsha mizizi hadi ardhini. Kazi ya kupanda, kwa sehemu kubwa, hufanywa na wao. Sisi tukiwapa njugu karanga siku nzima, tunawafundisha kushuka chini, kupora mikoba, kuacha matunda yaoze mtini. Nilikuwa mtoto, nami niliwapa njugu. Baba hakunigombeza. Alinionyesha kokwa iliyotemwa na kima, bado ina mate, akanishikisha. "Huyu ana kazi kama mimi," alisema. "Usimwachishe kazi."

Kando ya bustani pana makaburi, na humo amelala Pio Gama Pinto. Alizaliwa Nairobi 1927, mwana wa Wagoa, akapigania uhuru kwa kalamu na kwa kuwasaidia wapiganaji, na katika mwaka uleule wa 1954 alikamatwa akazuiliwa kisiwani Manda, karibu na Lamu. Tarehe 24 Februari 1965, Kenya ikiwa huru, alipigwa risasi langoni kwake Westlands, binti yake mdogo akiwa ndani ya gari. Baba alikuwepo kazini siku ya mazishi. Alisema umati ulikuwa mkubwa na kimya chake kilikuwa kikubwa zaidi.

Rafiki yake Pinto, Joseph Murumbi, mwana wa baba Mgoa na mama Mmaasai, alikuwa makamu wa rais kwa miezi michache ya 1966, akajiuzulu. Maisha yake yaliyobaki aliyatumia kukusanya vitabu, nguo na sanaa za Afrika. Nyumba yake ya Muthaiga, yenye miti aliyoipenda, aliiuzia serikali pamoja na mkusanyiko wake kwa matumaini kwamba itakuwa mahali pa kusomea. Nyumba ilikuja kubomolewa na miti ikaanguka nayo. Alipofariki 1990 alizikwa City Park, karibu na Pinto, kama alivyotaka. Mkewe Sheila alilazwa kando yake baadaye. Leo kaburi hilo limezungukwa na bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za wasanii wa Kiafrika, na naamini makaburi hayo yameikinga miti kuliko seng'enge. Ni vigumu kuuza kiwanja chenye makaburi ya watu kama wale.

Maana viwanja vilianza kuuzwa. Baba alistaafu 1987. Miaka iliyofuata ilikuwa mibaya kwa kila kilichokuwa cha wote. Taa zilizimika, mabomba yakakauka, madimbwi ya mayungiyungi yakajaa matope. Wanyang'anyi wakaijua bustani. Mimi mwenyewe niliporwa mkoba na saa mchana peupe kwenye njia ambayo nilijifunzia kutembea. Watu wakaacha kuja. Kwanza familia, halafu wanafunzi, halafu hata wazee wa kusoma gazeti. Na watu walipoacha kuja, ndipo mabati yalipoanza kutokea.

Nakumbuka Jumamosi moja katika miaka ya tisini nilipompeleka Baba kutembea. Tulifika kwenye ukingo mmoja wa msitu tukakuta ua wa mabati mapya yanayong'aa, na nyuma yake sauti ya msumeno. Mlinzi alitwambia ni mali ya mtu. Baba alisimama muda mrefu. Hakupiga kelele. Alipiga goti kando ya mabati, akageuza majani, akachomeka vijiti vitatu upande wetu wa ua.

Siku hiyo nilielewa jambo ambalo ndilo ninaloandikia makala haya. Nilikuwa nafundisha darasani kwamba wanyamapori huumizwa na wingi wa watu. Mahali pengi ni kweli. Lakini katikati ya mji mambo huenda kinyume: bustani iliyokosa watu ndiyo inayoibiwa. Kila familia iliyokuwa ikitandika shuka pale ilikuwa shahidi na mlinzi bila kujua. Walipoondoka, kima walibaki peke yao mbele ya mwenye hatimiliki ya uongo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilipoeleza jinsi ardhi ya umma nchini ilivyogawiwa kinyume cha sheria, misitu na bustani vikiwemo, sikuona ugeni wowote. Mahali palipoachwa na watu ndipo palipokatwa vipande.

Na waliookoa walifanya hivyo kwa kurudi. Wangari Maathai alikuwa ametuonyesha njia Uhuru Park mwaka 1989, alipokataa jengo la ghorofa 60 lijengwe juu ya nyasi za watu maskini. Jeevanjee Gardens, zawadi ya mfanyabiashara A. M. Jeevanjee kwa mji mwaka 1906, iliponyoka 1991 kwa sababu jamaa zake na wananchi walisimama. Kwa upande wa City Park, kundi la wapenzi wa mazingira chini ya mwavuli wa Nature Kenya likaanzisha Marafiki wa City Park mwaka 1996. Walianza kwa kufanya jambo dogo ambalo wezi hawalipendi: kutembea humo mara kwa mara, mchana, wakiwa wengi, wakihesabu ndege na kutaja miti kwa majina. Mwaka 2009 bustani ikatangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa unaolindwa na sheria ya makumbusho na turathi. Barabara ipitayo jirani, iliyoitwa Forest Road, tangu 2016 ina jina la Profesa Wangari Maathai.

Baba hakuyaona hayo ya mwisho. Alifariki 2003. Nilipostaafu ualimu nilichukua fyekeo lake nikajiunga na wanaojitolea Jumamosi.

Kazi yenyewe ni ya polepole. Adui wetu mkubwa ni lantana, kichaka cha kigeni chenye maua mazuri ya rangi mbili, kilicholetwa kupamba na kikaingia msituni. Pale kilipotanda hakuna mche unaoona jua. Kukifyeka juu ni kukipogoa. Kinarudi kwa nguvu mpya. Inabidi kung'oa na mizizi kwa sululu, kipande kidogo kwa siku, halafu kusubiri. Ukisubiri mwaka mmoja bila kupanda kitu kingine pale, unaona mbegu zilizolala zikiamka: mukinduri kwanza, kisha murarachi, kisha miti ambayo majina yake nayajua kwa Kikikuyu tu.

Wapo wanaotuambia tuzungushie msitu seng'enge na kufunga lango hadi upone. Nawaheshimu, lakini nimeshauona msitu uliofungwa na hofu ulivyofanywa. Wapo wengine wanaotaka saruji zaidi, vibanda zaidi, taa usiku kucha, ili watu waje. Hao nao wanasahau popo na bundi, na wanasahau kwamba watu wanaotoka vyumba vya mabati hawaji kuangalia saruji. Mimi nashika ya Baba. Langoni tupambe: nyasi, viti, vyoo safi, maji ya kunywa, bembea za watoto, bogenvilia zake. Ndani tulinde: njia chache zinazopitika vizuri, zenye watu muda wote wa mchana, na kando ya njia msitu uachwe uzae. Na kima wasipewe njugu, hata mtoto akilia.

Jumamosi moja mwaka jana walikuja vijana kumi, wawili kati yao waajiriwa wapya wa bustani. Mmoja alikuwa na haraka. Aliinua fyekeo chini ya muhugu mkubwa, mti jike, kabla sijasema neno. Nikamwomba aliweke chini.

"Kuna nini hapa, Mwalimu? Ni nyasi tu."

"Piga goti kwanza," nikamwambia.

Alinitazama, akaitazama suruali yake, akapiga goti. Nilimwonyesha jinsi ya kupitisha kiganja, asivute, aguse tu. Aligeuza jani, halafu jingine. La tano lilikuwa jeupe chini. Alinyamaza, akasogea kwa magoti, akakuta la pili karibu na mzizi. Kisha, bila mimi kumwambia, alivunja kijiti akakichomeka. Hadi saa sita mchana alikuwa amechomeka vijiti kumi na kimoja, na eneo lote lile hakuna aliyelipitia kwa fyekeo.